Vidaka vya Mama Pukyu

Hermelinda Ayquipa alikuwa amewatangulia wageni wake hatua kumi hivi, mikono mgongoni, anatafuna majani yake ya koka taratibu, alipoona watu mahali wasipopita watu.

Wageni wenyewe walikuwa wanne: mwalimu mstaafu wa Lima na mkewe, na vijana wawili wa Arequipa waliokuwa wakihema kama ng'ombe wa kulimia. Alikuwa akiwapeleka Ñawpa Llaqta, mji wa watu wa kale ulio juu ya kijiji cha Sanqapata, kama alivyowapeleka wengine kwa miaka kumi na minne. Ilikuwa safari ya kutwa. Asubuhi mnapanda, mchana mnakula viazi na jibini mbele ya nyumba za mawe za mviringo zisizo na mapaa, jioni mnashuka magoti yakitetemeka. Haikuwa safari yenye jina. Waliotaka majina walikwenda Cusco. Waliofika Sanqapata ni waliodokezwa na ndugu, au waliochoka kupigana vikumbo na umati kwenye mawe mashuhuri, au waliokosea gari.

Penye mwamba mweusi njia hugawanyika. Ya kulia inakwenda mjini kwa wale wa kale. Ya kushoto, ukiifuata, utaona nyasi na mavi ya alpaka, na baada ya hatua mia mbili utaapa kwamba imekufa. Haijafa. Inazunguka mgongo wa kilima na kuteremka kwenye kibonde kisichoonekana kutoka popote, na huko ndiko iliko chemchemi iitwayo Mama Pukyu.

Juu ya mgongo huo ndipo alipowaona. Walikuwa saba au wanane, wenye majaketi ya rangi za kuumiza macho, wamefuatana kama sisimizi. Mbele yao alikwenda mwanamke mwenye kofia nyeupe yenye utepe wa kijani.

"Wale nao wanakwenda wapi?" mwalimu akauliza. "Kule kuna nini?"

"Hakuna kitu," Hermelinda akasema. "Wamepotea."

Lakini kofia ile alikwisha kuijua. Na ule mwendo wa kuutupa mguu wa kulia nje kidogo, tangu mwenye mguu alipoangushwa na farasi akiwa na miaka tisa, aliujua kuliko mwendo wake mwenyewe. Zoraida Tacuri hakuwa mtu wa kupotea milima ile.

Zoraida alikuwa komadre wake. Kwa watu wa huko, hilo si jina la kuitana kwa mzaha. Komadre ni yule aliyempakata mwanao siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo mnaitana hivyo hadi mmoja amzike mwenzake. Zoraida alimpakata Yaneth, binti wa kwanza wa Hermelinda. Kabla ya hapo walikuwa marafiki tangu utotoni, wakichunga pamoja, wakila katika chungu kimoja, wakipigwa kwa makosa ya pamoja.

Baada ya Yaneth alizaliwa mtoto wa kiume. Aliishi siku tisa. Ilikuwa masika, mlima ulikuwa umeporomoka juu ya barabara, padri hakuweza kufika, na miaka hiyo mtoto asiyebatizwa hakuzikwa pamoja na waliobatizwa. Mama mkwe wake Hermelinda alimviringisha yule kichanga katika blanketi, akamfunga mgongoni mwake, akasema, "Nifuate. Usilie njiani." Akampeleka Mama Pukyu.

Nyuma ya chemchemi kuna ukuta wa watu wa kale, wenye kimo cha watu wawili, mawe yake yameshikana bila udongo hata huwezi kupenyeza kisu. Katika ukuta huo kuna vidaka kumi na kimoja, vishubaka vilivyoachwa katikati ya mawe. Wanawake wa kijiji, tangu enzi zisizo na hesabu, wamewalaza watoto wa namna ile chini ya ukuta, na ndani ya kidaka wameweka kitu alichovaa mtoto. Hermelinda aliweka kofia. Alikuwa ameifuma mwenyewe akiwa mjamzito, kwa sufu ya alpaka ya kahawia, na kamba zake zilikuwa nyekundu, moja imekoza na nyingine imepauka, kwa sababu rangi ilimwishia katikati. Akaisukuma ndani kabisa na kuiegemeza kijiwe bapa mbele yake, isilowe.

"Hapa haletwi mume," mama mkwe alimwambia, "haletwi padri, wala halitamkwi jina. Ukimwona mwenzako ana mzigo kama huu, mlete. Basi."

Miaka sita baadaye mzigo ulimwangukia Zoraida. Alijifungua binti ambaye hakuvuta hata pumzi moja. Zoraida hakulia. Aliacha kula, akaacha kusema, akawa anakaa mlangoni anatazama zizi tupu, mpaka mumewe akaanza kunong'ona kwamba mke ameingiwa na kichaa. Hermelinda akaja asubuhi moja, akamshika mkono kama anavyoshikwa kipofu, akampandisha mlimani. Mbele ya ukuta ule Zoraida alilia kwa mara ya kwanza, akalia hadi jua likapoteza makali. Hakuwa na kitu cha kuweka, maana binti yake hakuwahi kuvaa. Alichomoa nyuzi tatu katika shali yake, akazikunja, akaziweka. Na wakati wa kushuka alisema, "Komadre, umenirudisha duniani."

Siku hiyo, kwa upendo na kwa huruma, Hermelinda alivunja sharti moja la mama mkwe wake. Alimtajia Zoraida jina alilompa mwanawe kimoyomoyo. Hakuwahi kumtajia mwingine, hata baba wa mtoto.

Basi siku hii, aliwaketisha wageni wake penye mwamba mweusi, akawafungulia mzigo wa viazi na jibini, akawaambia wasisogee kwa sababu mteremko una mashimo. Mteremko haukuwa na mashimo. Akafuata njia ya kushoto, mbiombio, na miaka yake hamsini na miwili haikumkumbuka mpaka alipofika juu.

Sauti aliisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti ya Zoraida, lakini ile ya kuzungumza na wageni, iliyonyooshwa na kutiwa sukari kama ya msoma taarifa redioni.

"Niliifuma mwenyewe," sauti ilikuwa ikisema kwa Kihispania, "usiku na mchana, mtoto akiwa tumboni. Tazameni kamba hizi. Moja imekoza, moja imepauka. Rangi iliniishia, na sisi tulikuwa maskini."

Mwanamke mmoja mwenye jaketi la njano alikuwa ameishika ile kofia kiganjani, machozi yanamtiririka. Mwingine alikuwa anampiga picha. Kijana mmoja alikuwa ameweka mguu juu ya majani, mahali hasa ambapo mtoto amelala, apate kuingia vizuri kwenye picha.

Zoraida akainua macho, akamwona Hermelinda. Midomo yake ilisimama kidogo tu. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya redio, "Na huyu ni komadre wangu, naye ni mwongozaji. Komadre, karibu, wasalimie wageni."

Hermelinda alikwenda moja kwa moja hadi kwa yule mwanamke. "Nipe, mama," akasema kwa upole, na mwanamke akampa. Akairudisha kofia kidakani, akarudisha kijiwe. Kisha akamgeukia Zoraida na kusema kwa Kikechua, lugha ya nyumbani, ili wageni wasielewe.

"Washushe."

"Imebaki habari ya ukuta tu. Dakika tano."

"Washushe, nimekwambia."

"Komadre, usinitie aibu mbele za watu."

Hermelinda akamtazama. Akageuka, akapanda tena kilima. Alipofika penye mwamba, mwalimu alikuwa anamenya kiazi.

"Umewaonyesha njia?" akauliza.

"Wanaijua," akasema Hermelinda, akawapeleka Ñawpa Llaqta, akawaeleza nyumba za mviringo zilivyojengwa na maghala yalivyoingiza upepo, na hakukosea hata neno moja.

Kesho yake asubuhi aliteremka kwa gari la kwanza hadi Huayllar, mji mdogo wa barabarani ambako Zoraida ana nyumba ya wageni. Mlangoni palikuwa pamebandikwa picha mpya kubwa. Picha ya ule ukuta. Chini yake maandishi manene: UKUTA WA WATOTO. SAFARI YA NUSU SIKU. PASIPOJULIKANA NA WENGINE.

Zoraida alikuwa uani anaanika mashuka.

"Umewahi," akasema. "Chai ipo jikoni."

"Sikuja kunywa chai."

"Utakunywa tu. Na baridi hii."

"Zoraida."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini kumwita kwa jina lake tupu. Zoraida alishusha shuka aliyokuwa ameiinua.

"Ni Wilber," akasema haraka. Wilber ni mwanawe, aliyerudi kutoka Lima mwaka ule akiwa na gari na kadi zenye jina lake. "Amerudi anataka kitu ambacho hakuna mwenye nacho. Kila siku ananiambia, mama, fikiri. Mama, huko milimani hakuna kitu kingine? Nikamwambia. Ni mwanangu, ningemfichaje?"

"Ulinificha mimi."

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi." Zoraida akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Unaona? Kila kitu mpaka Hermelinda akubali. Mgeni akishuka garini, Hermelinda yuko wapi? Akirudi mlimani, Hermelinda kasema hivi, Hermelinda kasema vile. Na mimi nafua mashuka wanayolalia. Miaka kumi na minne nafua. Uliwahi kunisikia nasema neno?"

"Ungesema tungekwenda wote. Mlima si wangu."

"Sikutaka kupelekwa. Umenipeleka maisha yangu yote, kama mbuzi wa kufungwa kamba."

Neno lile lilimchoma Hermelinda, maana alikumbuka ule mkono alioushika asubuhi ile, na hakuwahi kufikiri kwamba aliyeshikwa aliona kamba.

"Sawa," akasema. "Una mtoto wako pale. Una haki. Ungewasimulia wako. Mbona umemchukua wangu?"

Zoraida akaanza kunyoosha mikunjo ya shuka, mkunjo mmoja mmoja.

"Wangu hana kitu," akasema. "Zile nyuzi zilioza zamani. Niwaonyeshe nini, tundu? Watu hawalilii tundu."

"Kwa hiyo ukawapa wangu."

"Nimempa mama wa pili, ubaya uko wapi? Kitoto chenyewe hata jina hakikuwa nalo."

"Jina analo. Nilikutajia."

Zoraida akafungua mdomo. Akaufunga. Macho yake yakaenda huku na huku juu ya shuka nyeupe kana kwamba jina limeandikwa hapo. Hermelinda akamngoja. Akamngoja zaidi ya inavyostahili kumngoja mtu, na ndipo alipojua kwamba mwenzake amelisahau. Katika yote, hilo lilimuuma kuliko jaketi la njano, kuliko picha ya mlangoni. Akaondoka bila kuaga.

Jumapili kulikuwa na mkutano wa jumuiya. Mwenyekiti, Don Fidencio, mtu mpole asiyependa ugomvi kabla ya chakula cha mchana, alisimama akasema kuna ombi la kijana Wilber. Anataka jumuiya imruhusu kuipanua njia ya Mama Pukyu kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, wa siku tatu. Naye ataleta mashine ya kutengeneza barabara iliyobomoka tangu masika mawili yaliyopita, na kila nyumba itapata zamu ya kuwapikia wageni. Watu wakanong'ona kwa furaha. Barabara ile iliwahi kumzuia mama mjamzito kufika zahanati, na kila mtu alimkumbuka.

Hermelinda akasimama. "Pale si mahali pa kutembeza watu," akasema.

"Kwa nini, Mama Hermelinda?" Don Fidencio akauliza kwa adabu. "Wewe mwenyewe unatembeza watu kila wiki."

"Anaogopa kunyang'anywa," mtu akasema kutoka nyuma, na wengine wakacheka.

"Tuambie basi," Don Fidencio akasema. "Pana nini, tuache barabara kwa ajili yake?"

Angesema nini? Akisema, ameuanika ukuta mwenyewe mbele ya wanaume mia, na yaliyobaki kufichwa yamekwisha. Asiposema, ni mwanamke mchoyo anayelinda wageni wake. Akawatazama vikongwe waliokaa karibu na ukuta wa ua. Angalau sita kati yao walikuwa na mzigo kule. Wote waliinamisha nyuso. Ndipo akamtazama Zoraida, aliyekaa safu ya mbele kando ya mwanawe. Zoraida angeweza kusema maneno mawili tu, Ana haki, na mkutano mzima ungebadilika, kwa kuwa ombi lilikuwa la nyumba yake. Zoraida alikuwa anasokota sufu. Pia ya kusokotea ilizunguka, uzi ukarefuka, na hakuinua kichwa.

"Sina zaidi," Hermelinda akasema, akaketi.

Mikono iliyopinga ilikuwa saba, yote ya wanawake, yote imekunjamana. Katika mikono iliyokubali ulikuwamo wa Abundio, mumewe Hermelinda. Aliuinua bila kusitasita, akiwaza barabara na viazi vyake vinavyoozea shambani.

Walitembea kurudi nyumbani bila maneno. Walipofika zizini Abundio akasema, "Umeninunia."

"Hapana. Hukujua."

"Sikujua nini? Kwani kule kuna nini?"

Hermelinda hakuona tena sababu ya kuficha. Watu wa Lima walikuwa wamekwisha kujua, watu wa nchi asizozijua walikuwa na picha yake mifukoni, na baba mtu peke yake ndiye asiyejua. Akakaa juu ya jiwe la kusagia na kumweleza yote. Blanketi, vidaka, kofia, na mwisho, kwa shida, jina. Abundio alisikiliza, kofia yake mwenyewe ameivua na kuishika mikononi. Miaka ishirini na sita alikuwa amejua tu kwamba mama yake alimchukua mtoto, na kwamba mwanamume haulizi.

"Mkono huu," akasema, akautazama kama si wake. Kisha akasema, "Twende tukamchukue."

Wakaenda siku ya pili, jua likiwa limechomoza vizuri, yeye na jembe dogo, mkewe na kitambaa cheupe. Abundio alisimama kwanza mbali na ukuta, hakujua kama ameruhusiwa, mpaka Hermelinda alipomwita kwa mkono. Akachimba kwa vidole zaidi kuliko kwa jembe. Hawakukuta kitu. Udongo wa pale ni wa maji, na miaka ishirini na sita ni mingi kwa mfupa wa siku tisa. Palikuwa na udongo mweusi laini, basi. Abundio akauliza, "Huu ndio yeye?" Hermelinda akasema, "Ndiye." Wakajaza kitambaa. Akaitoa kofia kidakani, akaitia juu ya udongo, wakafunga. Kidaka cha Zoraida kilikuwa cha tatu kutoka kushoto. Hermelinda alisimama mbele yake kitambo. Hakukigusa. Binti yule hakuwa amemkosea.

Wakamzika upande wa juu wa shamba la viazi, karibu na ukuta wa zizi ambapo upepo haufiki. Abundio alilia huko, kwa sauti, kama watu wanavyolia msiba wa jana.

Barabara ilitengenezwa, hilo lazima lisemwe. Wilber alitimiza neno lake. Njia ya kushoto ikapanuliwa mpaka farasi wawili wanapishana, na zamu za kupika zikawa zinazunguka nyumba kwa nyumba. Ilipofika zamu ya nyumba ya Hermelinda, akaipitisha kwa jirani, na jirani hakuuliza.

Wiki chache baadaye kikongwe mmoja wa wale saba, Mama Epifania, alimsimamisha sokoni. "Umesikia? Ametia kofia nyingine. Ya kiwandani, ya nailoni, ina nembo ya timu ya mpira. Ameing'oa nembo, lakini alama ya uzi inaonekana."

"Na wageni?"

"Wanalia vilevile."

Hermelinda akachagua vitunguu vyake, akalipa, akaondoka. Njiani aligundua kwamba amesahau kuchukua chumvi aliyoifuata.

Yaneth alipiga simu kutoka Lima, akauliza mbona mama yake wa ubatizo hatajwi tena. Hermelinda akamjibu, "Ni wako. Mpigie ukitaka. Mimi na yeye tumemaliza." Hilo nalo lilimuuma Hermelinda, maana binti alimpenda Zoraida, na kumpenda kwake hakukuwa kosa.

Aliendelea na kazi yake. Wageni wa Ñawpa Llaqta walipungua, wakabaki wale wa kupotea njia na wa kudokezwa na ndugu. Siku za Jumanne yeye na Zoraida, kila mmoja na kundi lake, hukutana penye mwamba mweusi. Zamani mmoja wao angemtania mwenzake kwa mbali, Umechelewa, mvivu wewe, na mwingine angejibu. Sasa Zoraida huinamisha kichwa.

"Senyora," husema, kwa Kihispania, kama anavyoitwa mwanamke usiyemzoea.

"Senyora," hujibu Hermelinda.

Jumanne moja ya kiangazi, mgeni mmoja wa kundi la Zoraida aliuliza yule mama ni nani. Hermelinda alikuwa hajafika mbali, akasikia jibu.

"Ah, huyo," Zoraida akasema, na sauti ya redio ikamvunjika katikati. "Tulichunga pamoja."

Hermelinda hakugeuka. Aliwangoja wageni wake wafike, akawahesabu, wakatimia watatu, akawaambia mawe ya mbele yana utelezi, wakanyage anapokanyaga yeye.